Uzito Hauamshi Gololi

Nimeshalisema hili katika kumbi nyingi za jiji hili, na leo nalirudia: uzito hauamshi gololi.

Nazungumzia kifaa cha kutuliza mtetemo kwa migongano, na kifaa chenyewe mnakijua. Chumba, ndani yake tungamo huru; mashine ikitetemeka tungamo linagonga kuta, na kila mgongano unaula mtetemo. Watafiti Lieber na Jensen walikieleza tangu 1945. Tusikae hapo.

Twende Kariobangi, hapa Nairobi. Fundi mmoja ana jenereta juu ya fremu ya chuma, inazunguka mara 1,500 kwa dakika, na fremu inacheza juu na chini. Kachomelea kopo lenye gololi za beringi. Kimya! Hakuna kinachogonga. Akaongeza gololi. Kimya. Akaongeza tena, kisha akaniambia, "Mwalimu, hii fizikia yenu ni ya vitabuni."

La, bwana, ni ya kopo hilohilo. Gololi haitaachana na sakafu ya kopo mpaka sakafu ikimbilie chini upesi kuliko gololi inavyoanguka yenyewe. Yaani mchapuko wa fremu upite ule wa mvutano wa dunia, mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa mitetemo 25 kwa sekunde, fremu inatakiwa isogee kama milimita 0.4 juu na 0.4 chini. Yake tulipoipima, ilikuwa nusu ya hapo. Gololi zote zilikuwa abiria tu! Na tazameni, tungamo halimo kwenye hesabu hiyo. Ya gramu 5 na ya kilo 5 zinaanguka sawa, basi zinalala sawa.

Nasikia mhandisi ananong'ona huko nyuma: "Lakini tungamo kubwa hupunguza mtetemo zaidi." Ndiyo, likishaamka! Liamshe kwanza. Na mtetemo ukiwa wa polepole ndiyo balaa: mara 10 kwa sekunde unahitaji milimita 2.5, mara moja kwa sekunde, sentimita 25. Nani atavuka daraja la miguu la Thika Road linaloruka sentimita 25 ili kifaa kipate kuanza kazi?

Dawa zipo, nizipitie mbio. Mtetemo ukiwa wa ubavuni, kushoto-kulia, gololi inaviringika na mvutano hauizuii. Pima tu nafasi kati ya gololi na kuta. Ukiweka chuma bapa, msuguano unaleta kizingiti chake. Mtetemo wa juu-chini, libebe tungamo kwa springi laini, lielee katikati ya chumba. Kwenye mlingoti, ning'iniza mnyororo uliovishwa mpira. Hapo mvutano ndio unaourudisha ukutani.

Na vijana wa setilaiti, mnaoota kufuata 1KUNS-PF, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ya 2018: kwenye obiti kile kizingiti cha mvutano hakipo. Kifaa kilicholala mezani kinaweza kuamka huko, kwa hiyo msikipime hapa chini kwa mtetemo wa juu-chini halafu mkaamini namba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Springi tutaipigia hesabu kwenye maswali. Mwenye kikokotoo asogee mbele.