Salio linaisha na hujapiga simu? Jinsi ya kujitoa kwenye huduma za kulipia

Karibuni. Video hii ni ya wewe uliyeweka vocha ya elfu moja jioni, asubuhi ukakuta mia saba, na hujampigia mtu yeyote. Mara nyingi kuna huduma umeunganishwa nayo, na kila siku inachukua chake. Shika simu, tuitafute.

Kwanza piga *102#. Achana na kifurushi, angalia salio la kawaida, maana huko ndiko huduma hizi zinakokata. Unaweza kuwa na SMS kibao za kifurushi, lakini ukituma ujumbe kwenda namba fupi ya mchezo wa maswali, au ya kumpigia kura mshiriki wa shindano, kwa kawaida kifurushi hakiguswi. Inakatwa vocha, tena kwa bei ya huduma yenyewe.

Sasa ingia kwenye meseji, utafute zilizotoka kwenye namba fupi. Fungua moja uisome hadi mwisho. Tafadhali, hadi mwisho kabisa! Juu wameandika HONGERA kwa herufi kubwa. Bei wameiweka chini. Tuseme imeandikwa "Sh 150 kwa siku". Hayo maneno "kwa siku" ndiyo ya kuogopa. 150 mara 30 ni 4,500 kwa mwezi. Huduma mbili za namna hiyo, 9,000. Kwa mwanafunzi anayelipa Sh 200 kwenye daladala, hela hiyo inampeleka shule na kumrudisha siku 22. Na ukiona "bure siku 3 za kwanza", jua kuanzia siku ya nne unakatwa bila kuulizwa tena.

Wengi mtasema, mbona mimi sikujiunga? Tazama simu hii. Nimemaliza kuangalia salio, kikatokea kiboksi katikati ya kioo: "Pata habari za mastaa, jibu 1". Una haraka, unataka kiondoke, kidole kinabofya 1 kisha Tuma. Hapo umeshakubali. Kikitokea, bonyeza Ghairi. Mdogo wako akichezea simu yako, mwonyeshe na yeye.

Kujitoa: rudi kwenye meseji ile ile, angalia neno wanalotaka. Mara nyingi ni ONDOA au STOP. Litume kwenye namba hiyo hiyo, usubiri jibu la kuthibitisha, kisha lipige picha ya skrini.

Halafu piga 100, huduma kwa wateja. Sema hivi: "Naomba mniangalizie huduma zote zilizounganishwa kwenye laini hii, mziondoe zote." Usitaje moja tu, kwa sababu nyingine huwa huijui. Kama laini imesajiliwa kwa jina la mzazi, piga ukiwa naye, maana wataulizia taarifa za mwenye laini. Akitokea mtu anakupigia kwa namba ya kawaida, anataka namba yako ya siri ili "akuondolee makato", huyo ni tapeli. Kata simu, namba yake itume 15040, namba ya kuripoti matapeli.

Kesho yake piga tena *102#. Ukikuta bado wanakata, peleka malalamiko kwa kampuni ya simu kwa maandishi, na zile picha za skrini uziambatanishe. Wasipokutatulia, una haki ya kuyafikisha TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hata kama kilichokatwa ni shilingi mia na hamsini.