Bastola ya Kiunoni na Bastola ya Mchezo: Mhadhara kuhusu Kanuni za Vifaa katika Ulengaji Shabaha wa Vitendo

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanakamati, wanachama wenzangu na wageni wetu waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie kanuni za vifaa, jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka asubuhi ya mashindano tu, mwamuzi anapotuagiza tuiweke bastola ndani ya sanduku la kupimia. Jioni hii nitadai kwamba kanuni hizo, zinazoonekana kavu kwenye karatasi, ndizo zinazotuonyesha vizuri zaidi jinsi mchezo wetu ulivyobadilika, kwa sababu karibu kila moja iliandikwa ili kulijibu swali lile lile: je, tunalolifanya ni mazoezi ya kujilinda, au ni mchezo? Nitadai pia kwamba hakuna kanuni iliyowahi kuuzima ushindani wa vifaa, na kwamba kila ulipozibiwa mlango mmoja ulitokea kwingine.

Tuanze California katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, mashindano ya bastola yalikuwa ya mtu kusimama ubavu, mkono mmoja mfukoni na mwingine umenyooshwa, akifyatua polepole kwenye duara jeusi. Jeff Cooper, aliyekuwa Luteni Kanali katika jeshi la wanamaji wa miguu la Marekani, alikusanya watu huko Big Bear na kuwaachia uhuru ambao haukuwahi kuwapo: njoo na bastola uitakayo, ishike utakavyo, na atakayepiga haraka na kwa usahihi ndiye mshindi. Katika uhuru huo naibu sherifu mmoja wa Los Angeles, Jack Weaver, alianza kuwashinda wenzake kwa kuishika bastola kwa mikono miwili na kuiinua hadi usawa wa macho. Leo tunaliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa, lakini halikutoka katika kitabu cha mafunzo cha jeshi lolote. Lilizaliwa kwenye mashindano, na lilizaliwa kwa sababu hapakuwa na kanuni ya kulikataza.

Mwezi Mei mwaka 1976, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, wajumbe kutoka nchi mbalimbali waliunda IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, na Cooper akawa rais wake wa kwanza. Kaulimbiu iliandikwa kwa Kilatini: Diligentia, Vis, Celeritas, yaani usahihi, nguvu na kasi. Mashindano ya dunia yalikuwa yameshaanza Zürich mwaka 1975, na mwaka 1977 yalifanyika Salisbury, mji ambao sasa tunauita Harare.

Hapo nitasimama kidogo, kwa sababu sisi Waafrika hatupaswi kupapita kimya kimya. Rhodesia ya mwaka 1977 ilikuwa vitani, na serikali ya walowezi ilikuwa ikipigana na wananchi waliodai nchi yao. Walengaji wa Rhodesia, na wale wa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi waliokuwa miongoni mwa nguzo za mwanzo za mchezo huu, hawakuichukulia shabaha yenye kichwa na mabega kuwa mfano wa kinadharia. Walikuwa na picha kamili ya mtu waliyetarajia kukutana naye. Nayasema haya bila nia ya kumhukumu mlengaji wa leo wa Polokwane au Pretoria. Nayasema kwa sababu hatuwezi kuelewa ni kwa nini mchezo huu umefanya bidii kubwa kujivua sura ya vita kama hatukumbuki sura hiyo ilikuwa ipi.

Sasa turudi kwenye ile vis, nguvu, maana ndiyo iliyozaa kanuni ya vifaa iliyo ya msingi kuliko zote. Cooper aliamini kwamba bastola ya kujilinda inapaswa kuwa na nguvu, naye akaipenda kaliba (unene wa risasi) ya .45 maisha yake yote. Kama alama zingetolewa kwa usahihi na kasi tu, kila mtu angekuja na risasi dhaifu isiyorusha mkono. Kwa hiyo kiliwekwa kipimo cha nguvu: uzito wa kichwa cha risasi kwa gireni (kipimo kidogo cha uzito), mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kichwa cha gireni 230 kinachokwenda futi 800 kwa sekunde kinatoa 184, na hicho kinahesabiwa kuwa kikubwa. Kichwa cha milimita 9 chenye gireni 124 kinachokwenda futi 1,050 kinatoa 130, ambacho kinavuka kiwango cha chini cha 125 lakini kinabaki kidogo. Wote wawili wakipiga katikati wanapata alama 5. Tofauti inaonekana risasi inapopotoka: katika eneo la C, lililo nje ya katikati ya shabaha, mwenye nguvu kubwa hupata 4 na mwenye nguvu ndogo 3, na katika eneo la D, la nje zaidi, hupata 2 kwa 1. Kisha jumla ya alama hugawanywa kwa sekunde ulizotumia.

Kanuni hiyo ilikusudiwa kumlinda mtu wa .45. Ikamaliza utawala wake. Katika miaka ya 1980 Rob Leatham na Brian Enos, vijana wa Arizona ambao pia waliuacha mkao wa Weaver na kusimama mikono yote miwili imenyooka mbele, waligundua kwamba kaliba nyembamba ya .38 Super ikijazwa baruti nyingi inafikia kiwango cha nguvu kubwa. Kwa kuwa ni nyembamba, magazini inabeba risasi zaidi. Na kwa kuwa baruti ni nyingi, gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu inaweza kupitishwa kwenye kompenseta, kile kipande chenye matundu yanayotazama juu, ikausukuma mtutu chini wakati risasi inataka kuuinua. Kipimo kilichowekwa ili watu wabebe bastola yenye mshindo kikazaa bastola yenye nguvu kubwa isiyoruka kabisa. Mwaka 1990, huko Adelaide, Australia, Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia akiwa amefunga juu ya bastola yake kilengeo cha kielektroniki chenye nukta nyekundu, akiwa wa kwanza kufanya hivyo. Holsta nazo, yaani mikoba ya kiunoni ya bastola, zilikuwa zimeshakuwa vipande vya plastiki vinavyoishika bastola kwenye kinga ya triga tu, na hakuna mtu mwenye akili timamu angetoka nazo nyumbani.

Wazee walikasirika, Cooper akiwa mmojawao. Lakini walikasirishwa na matokeo ya uhuru walioupigania wenyewe.

Jibu la kwanza lilikuwa kugawanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bastola zenye kompenseta na nukta nyekundu zilitengewa divisheni ya Open, na zile zenye vyuma vya kulengea zikapewa divisheni yao, ambayo IPSC inaiita Standard. Ndipo likaja lile sanduku: milimita 225 kwa 150 kwa 45, na bastola pamoja na magazini yake lazima iingie. Aliyefuatilia Safari Rally tangu enzi za magari yaliyonunuliwa dukani hadi magari ya siku hizi, ambayo kiwanda huyaunda kwa ajili ya mashindano peke yake, ataelewa mara moja kilichotokea ndani ya sanduku hilo. Watengenezaji waliunda bastola inayolijaa hadi kwenye kona. Kanuni nyingine ilisema kwamba katika Standard nguvu kubwa inahesabiwa kwa kaliba isiyopungua .40 tu, ili kuifungia nje .38 Super. Kaliba ya .40 ilizinduliwa mwaka 1990 kwa ajili ya polisi wa Marekani, na polisi wengi, FBI wakiwamo, baadaye wakairudia milimita 9. Mlengaji wa Standard bado anaitafuta .40, inayozidi kuadimika, si kwa sababu ya kujilinda wala ya kazi, bali kwa sababu kuna mstari mmoja kwenye kitabu cha kanuni.

Jibu la pili lilikuwa kuhama. Mwaka 1996 kundi la walengaji wa Marekani, miongoni mwao Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers, walianzisha IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujilinda. Humo mlengaji huvaa koti au shati linaloficha bastola, hutumia ukuta kama kinga, na bastola yake lazima iwe ya aina ambayo mtu angeweza kuibeba mchana kutwa. Kwa miaka mingi walikuwa na adhabu ya sekunde 20 kwa mtu aliyetenda kinyume cha moyo wa mchezo, hata kama hakuvunja kanuni mahususi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusimama nyuma ya mlengaji na saa mkononi, nakiri kwamba adhabu hiyo inanivutia na kunitisha kwa kiasi kilekile: inamwomba mwamuzi asome nia ya mtu aliyemaliza kazi yake kwa sekunde kumi na tatu.

Jibu la tatu ni divisheni ya Production, iliyokuja kuelekea mwaka 2000 kwa ajili ya bastola za kawaida za kiwandani. Hapa ndipo uhamisho wa ushindani unapoonekana wazi zaidi. IPSC ilidai kwamba mvuto wa kwanza wa triga usipungue kilo 2.27. Ikisomwa haraka, kanuni hiyo inalinda usalama. Lakini ziko bastola ambazo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, na mivuto yote inayofuata ni mifupi na miepesi. Hizo zililipa ushuru wa kilo 2.27 mara moja, kisha zikafaidi hadi mwisho. Zikatengenezwa kwa chuma tupu ili zisiruke, na ndiyo maana Shadow 2 ya kampuni ya CZ, yenye takriban kilo 1.3, imejaa kwenye divisheni ya “kawaida” duniani kote, wakati Glock 17 ambayo askari na raia huibeba kweli ina karibu gramu 700 pamoja na magazini tupu.

Mfano wa mwisho unatoka USPSA, tawi la IPSC la Marekani. Karibu miaka kumi iliyopita walianzisha Carry Optics, divisheni ya bastola ya kubeba yenye nukta nyekundu, na kikomo cha uzito kilikuwa wakia 35, kama kilo moja. Kikapandishwa hadi wakia 45, kisha hadi 59, yaani zaidi ya kilo moja na nusu. Ukiuliza ni nani anayebeba chombo hicho kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni, utajibiwa kwamba washiriki wameongezeka. Jibu hilo si la kudharauliwa. Watu walikuwa wamekwisha kununua bastola nzito, na chama kinachowafungia nje wanachama wake hakidumu.

Pamoja na hayo, nukta nyekundu yenyewe, iliyodhihakiwa mwaka 1990 kuwa kichezeo, imerudi mitaani kwa heshima. Bastola ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 2017 imeandaliwa kufungwa kilengeo hicho, na IDPA, iliyoundwa kuvikimbia vitu hivyo, nayo ina divisheni ya Carry Optics. Mchezo ulioshutumiwa kwa kuisahau hali halisi ndio ulioitengeneza hali halisi ya leo.

Upande wa utamaduni, mambo yamekwenda kwa kupishana. Mwandishi Michael Bane na mwanasosholojia David Yamane wameeleza jinsi utamaduni wa bunduki Marekani ulivyotoka kwenye uwindaji na kuhamia kwenye kujilinda. Ulengaji wa vitendo ulikwenda njia ya kinyume: ulizaliwa katika kujilinda na ukahamia michezoni. IPSC ilileta shabaha isiyo na kichwa, kanuni zake zikashauri wasio askari wasivae mavazi ya mabakabaka, na magwiji wakaanza kuvaa jezi za wadhamini. Sehemu ya mabadiliko hayo ni hofu ya kisiasa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mashindano ya dunia ya mwaka 1993 yalifanyika Bisley, Uingereza. Machi 1996 mtu mwenye bastola za leseni aliwaua watoto 16 na mwalimu wao shuleni Dunblane, Scotland, na mwaka 1997 bunge likapiga marufuku karibu bastola zote katika Uingereza, Wales na Scotland. Walengaji wa huko sasa hushindana kwa shotgani na kwa bastola za hewa zinazorusha vijipunje vya plastiki. Hakuna jezi wala shabaha iliyokatwa kichwa iliyoweza kuwaokoa.

Kwetu Kenya tuliingia kwa mlango mwingine. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi liliposhambuliwa na magaidi, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa walioingia na bastola zao kuwatoa watu, na tangu hapo mlengaji wa Kirigiti anajua kwamba anayoyafanya Jumamosi yanaweza kuulizwa siku nyingine yoyote. Wengi wetu tuna bastola moja, na ni ile ile iliyo kiunoni saa hii, au iliyobaki kwenye sefu kama tulivyoagizwa kwenye mwaliko. Kwa mtu wa namna hiyo, divisheni inayotawaliwa na bastola za kilo 1.3 ni mwaliko wa kununua bastola ya pili ambayo hataibeba.

Ndiyo sababu nimewasilisha kwa kamati pendekezo la divisheni ya klabu yenye kikomo cha kilo moja pamoja na magazini tupu, kilengeo cha nukta kikiruhusiwa, na holsta iwe ile ambayo mwanachama alifika nayo langoni. Wenye bastola za Open na Shadow wabaki na matokeo yao, maana kwao ndiko tunakojifunza. Najua tayari kwamba baada ya msimu mmoja atatokea mtu na bastola ya gramu 999, na mizani ninayoomba inunuliwe ni ya kidijiti.

Mwenyekiti, nakaribisha maswali, na naona Mzee wa mstari wa mbele ameshainua mkono tangu nilipoitaja .45.