Mnyama Akivuka Mpaka

Wawindaji wenzangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie maadili ya uwindaji na hili la kuingia katika ardhi za watu bila idhini. Anayeruka seng'enge usiku na bunduki begani sina maneno naye, huyo anajijua. Ninayemtaka leo ni mwindaji mwadilifu. Leseni anayo, amesimama upande wake wa mpaka, amepiga risasi halali, kisha kulungu akatimua mbio na jeraha lake, akazama kwenye shamba la jirani.

Mnyama yule sasa ni wa nani? Swali hili lina umri. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian na kutolewa mwaka 533 zilisema mnyama wa porini hana mwenyewe mpaka akamatwe, na anayemkamata ndiye mwenye mali, hata kama amemkamata kwenye ardhi ya mtu mwingine. Hapo hapo zikaongeza kwamba mwenye ardhi anaweza kumkataza mwindaji asiingie. Haya ni mambo mawili: haki juu ya mnyama, na haki ya kukanyaga ardhi. Ugomvi mwingi kati ya wawindaji na wenye mashamba unaanzia pale mtu anapodhani la kwanza limempa la pili.

Wanaobisha hunitajia kesi ya New York ya mwaka 1805, Pierson dhidi ya Post. Post alikuwa anamfukuza mbweha kwa mbwa wake, Pierson akaona, akamwahi, akamuua na kuondoka naye. Mahakama ikampa ushindi Pierson: kumfukuza mnyama tu hakumfanyi awe wako. Lakini majaji walikubali kwamba aliyemjeruhi mnyama vibaya na bado anamfuatia ana dai zito zaidi. Basi watu wanaidaka nusu hiyo ya pili na kuingia nayo shambani kwa jirani. Wanasahau kwamba kesi ile ilihusu ardhi tupu isiyokaliwa. Hapakuwa na jirani wa kumpigia hodi.

Sheria za leo hazifanani. Huko Marekani, jimbo la Minnesota linamruhusu mwindaji kuingia kwa miguu kumchukua mnyama aliyemjeruhi kihalali, ilimradi ardhi haijawekewa alama za katazo. Jimbo la Virginia linawaruhusu baadhi ya wawindaji kuwafuata mbwa wao waliovuka, lakini bila silaha na bila gari. Kwingine hauvuki bila idhini, iwe kuna damu au hakuna. Na alama yenyewe si lazima iwe kibao: jimboni Texas, tangu 1997, mstari wa rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo una nguvu ileile ya kibao cha katazo. Asiyejua hilo atapita hapo akidhani mtu alikuwa anajaribu brashi yake.

Ujerumani nawasifu kwa jambo moja. Kule haki ya kuwinda inafungamana na ardhi, na wenye maeneo yanayopakana huandikiana mapema: mnyama akivuka akiwa amejeruhiwa, nani anaarifiwa, nani anamfuata, nyama ni ya nani. Wanakubaliana kabla ya msimu, wakati hakuna mwenye jazba wala damu mikononi.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Suala la mpaka huamuliwa kabla ya kufyatua, si baada. Nyote mnajua mnyama aliyepigwa vizuri kabisa kwenye mapafu bado anaweza kukimbia mita mia moja ndipo aanguke. Mshale ndiyo zaidi, kwa sababu unaua kwa kutoa damu. Sasa kama uko mita sitini kutoka kwenye uzio, kulungu ameelekeza kichwa huko huko, na jirani humjui hata jina, risasi yako ni halali kwenye karatasi tu. Mimi hapo sipigi. Wapo wanaoniona mwoga, na wanione.

Na usiutegemee mstari wa kwenye simu kana kwamba umechimbiwa ardhini. Programu za ramani zinasaidia, lakini chini ya miti mizito kifaa chako kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ndizo zinazopeleka watu mahakamani.

Ikitokea amevuka, simama. Angalia damu ulipompiga: ikiwa ya waridi yenye povu, ni mapafu, na huenda ameshalala karibu. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya tumbo, umempiga vibaya, na kumkimbiza sasa hivi ni kumsukuma mbali zaidi. Anahitaji kuachwa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo muda wa kumtafuta mwenye shamba unao. Weka alama pale alipovukia, toa risasi kwenye bunduki, mpigie simu au nenda mlangoni kwake. Mwambie ukweli wote, pamoja na mahali ulipompiga. Akikuruhusu, mwombe mfuatane, ufunge kila geti ulilofungua, na usiwaachie ng'ombe wake matumbo njiani.

Akikataa? Mpigie askari wa wanyamapori. Kuna sehemu atazungumza na mwenye shamba akalainika. Kuna sehemu hawezi kumlazimisha. Najua inauma kumjua mnyama anateseka ng'ambo ya waya na wewe umezuiwa, na mwenye shamba anayekataa kwa ukaidi tu ana sehemu yake ya lawama. Lakini risasi ile ilitoka kwako. Kulungu yule mhesabu kwenye kibali chako kama uliyempata, hata kama sheria ya mahali pako inakuruhusu kutafuta mwingine kesho asubuhi.