Dhambi Imeondolewa, Upanga Umebaki

Wapendwa, leo tukae na 2 Samweli 12. Mfalme Daudi alimchukua Bathsheba, mke wa askari wake Uria, kisha akaagiza Uria auawe. Nabii Nathani anapomkabili, Daudi anakiri kwa maneno machache tu: nimemfanyia Bwana dhambi. Nathani hamcheleweshi: "Bwana naye ameiondoa dhambi yako; hutakufa." Hapo wengi wetu hufunga Biblia tukaanza kuimba. Nabii lakini hajamaliza. Mtoto aliyezaliwa na Bathsheba atakufa, na kabla ya hapo ameshasema upanga hautaondoka nyumbani mwa mfalme.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: nimetubu, mbona mambo yangu bado yanawaka moto? Anayeuliza anashuku msamaha haukukamilika. Ulikamilika. Hatia imefutwa, na mlango wa Baba uko wazi. Ila aliyeua akasamehewa, marehemu wake hafufuki.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Uria alibeba kwa mkono wake mwenyewe barua iliyoagiza auawe. Yoabu, jemadari wa Daudi, akaisoma. Tangu siku hiyo jemadari anaijua siri ya bwana wake, na mkimfuatilia mtaona mfalme hakuwahi kumweza. Kisha Amnoni, mwana wa Daudi, anamnajisi Tamari, dada yake kwa baba. Imeandikwa kwamba Daudi alikasirika sana. Basi, ndiyo hivyo tu, adhabu hatuisomi. Mimi naona ulimi ulimwia mzito. Angemwambia nini kijana yule kuhusu mwanamume anayejichukulia mwanamke kwa sababu ana uwezo? Absalomu, ndugu yake Tamari, akanyamaza miaka 2, akamuua Amnoni, na mwishowe akamwasi baba yake. Hema aliloingilia kwa masuria wa baba lilitandikwa juu ya dari. Juu ya dari, ndugu zangu! Jioni ile Daudi alimwona Bathsheba akiwa wapi?

Haikuhitajika radi kutoka mbinguni. Mbegu aliipanda mwenyewe.

Kuhusu yule mtoto mchanga, nakiri napita hapo polepole, sina maneno mepesi. Na msije mkaenda kwenye nyumba yenye msiba mkaanza kutafuta dhambi ya mtu. Katika Yohana 9 wanafunzi walijaribu hesabu hiyo mbele ya kipofu, Yesu akaikataa.

Nendeni Kalvari sasa. Mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu anaahidiwa pepo, na ni siku hiyohiyo. Je, alishushwa msalabani? Yohana anasema askari walikuja wakawavunja miguu wale wawili. Mtu aliyesamehewa na Yesu kwa kinywa chake mwenyewe alivunjwa miguu jioni ile, na pepo yake haikupungua hata chembe.

Wapo pia wanaoukimbilia msamaha kama mtu anayejificha wadai. Amekula fedha za kikundi, ameokoka, na akiulizwa anajibu kwamba ya kale yamepita. Yamepita kwa nani? Mjane aliyeweka akiba yake humo bado hana kitu. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuna aliyemdai, lakini alisimama mwenyewe akasema nusu ya mali yake ni ya maskini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Wokovu ulipoingia nyumbani mwake, mfuko ulifunguka.

Turudi kwa Daudi, maana nampenda zaidi akiwa mzee anayekimbia kuliko akiwa kijana mwenye kombeo. Anapanda mlima wa Mizeituni bila viatu, kichwa amekifunika, analia. Anamkimbia Absalomu. Mbele kidogo anatokea Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anamwita mtu wa damu na kumrushia mawe. Abishai, mmoja wa watu wa Daudi, anaomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi anakataa: mwacheni alaani, huenda Bwana akaliangalia teso langu. Hasemi kwamba Nathani alishamtangazia msamaha. Hajitetei kwa Uria. Anaendelea na njia, Shimei naye anakwenda sambamba naye ubavuni mwa mlima akitupa mawe na mavumbi, mpaka mfalme na watu wake wanafika wamechoka, na huko wanapumzika.