Shukrani Iliyotangulia Tauni: Salamu Kutoka Leipzig

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Wazazi wangu na wakubwa wote mnaonitazama kutoka Machame, Moshi, Arusha na kwingineko, shikamooni. Nanyi wadogo zangu, poleni na majukumu. Niko Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na leo nimeona nizungumze nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni kumshukuru Mungu wakati ambapo mtu hajui kesho yake itakuwaje.

Nalisema hili nikiwa ndani yake. Kibali changu cha kuishi huku kimefungamana na mkataba wa kazi, mkataba unakaribia kwisha, na hadi sasa sijajua kama utaongezwa. Huko nyumbani mama anahudhuria kliniki, ada za wadogo zangu zinangoja, na simu ikilia usiku wa manane moyo hunienda mbio kabla sijaipokea. Najua wengi wenu mmo katika hali kama hiyo, na wengine nzito kuliko yangu.

Kaskazini-mashariki mwa mji huu, mwendo mfupi wa treni, uko mji mdogo uitwao Eilenburg, kando ya mto Mulde. Huko ndiko alikozaliwa Martin Rinkart mwaka 1586. Alisoma hapa Leipzig, na mwaka 1617 akarudi kwao kuwa mchungaji. Mwaka uliofuata vikaanza vita vilivyoisumbua Ujerumani kwa miaka 30. Kwa kuwa Eilenburg ulizungukwa na kuta, watu wa vijijini walikimbilia humo kwa wingi na kubanana pamoja na wenyeji, na mwaka 1637 tauni ikawaangukia wote. Wachungaji wenzake walikufa au waliondoka, akabaki yeye wa kuzika. Zilikuwapo siku alizozika watu 40 au 50. Kwa jumla inakadiriwa kwamba alizika zaidi ya watu 4,000, na mmoja wao alikuwa mke wake mwenyewe. Tauni ilipopungua, ikaingia njaa.

Mchungaji huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ambao Wajerumani wanauimba makanisani hadi leo, *Nun danket alle Gott*, unaowaita watu wote wamshukuru Mungu kwa moyo, kwa kinywa na kwa mikono. Mara nyingi habari zake husimuliwa kana kwamba aliuandika baada ya amani kupatikana mwaka 1648, shida zote zikiwa zimekwisha. Sivyo. Mwanzoni maneno yale yalikuwa sala ya mezani, na wanaoifuatilia historia yake wanaona kwamba aliyatunga karibu na mwaka 1630, vita vikiwa vimepamba moto na tauni ile ikiwa bado haijafika. Mimi jambo hili limenigusa kuliko hata hesabu ya makaburi. Shukrani ile ilikwisha kuzoeleka mezani kabla ya msiba kubisha hodi, na msiba ulipoingia haikuhitaji kutafutiwa maneno mapya. Tena si maneno ya mtu asiyeona hatari: ubeti wa pili unamwomba Mungu moyo wa furaha na amani, kisha unamwomba atuokoe katika kila taabu.

Kwa sababu hiyo sikubaliani, na nalisema kwa heshima, na mafundisho yanayotuambia kwamba ukishukuru kwa nguvu ya kutosha mlango utafunguka na kibali kitatoka. Hayo ni kufanya biashara na Mungu. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike washukuru katika kila jambo, na wakati huo walikuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao. Nabii Habakuki alitaja mtini usiochanua na zizi lisilo na kundi, akasema hata hivyo atamfurahia Bwana. Hakusema kwamba zizi litajaa kesho asubuhi. Na mwenye Zaburi aliyelia "hata lini" hakufukuzwa mbele za Mungu kwa kulia kwake.

Sisi wa Kilimanjaro tulilelewa katika shukrani ya namna hii. Mnakumbuka Sikukuu ya Mavuno kanisani kwetu: mikungu ya ndizi imepangwa mbele ya madhabahu, kuku wamefungwa miguu, mahindi, kahawa, maziwa kwenye vibuyu. Baada ya ibada unaanza mnada, na yai moja linaweza kununuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena hadi bei yake ipite ya jogoo, watu wakishangilia. Mwaka ambao mvua zilikuwa haba, bibi yangu alikata mkungu mwembamba sana, akaufuta vumbi kwa kanga yake, akaupeleka mbele bila kuona haya. Huku nako wanayo siku kama hiyo, mwanzoni mwa Oktoba, na hunifurahisha kukumbuka kwamba wamisionari waliofika kwetu Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huu huu ninaoishi.

Basi nimejiwekea utaratibu. Kabla ya kula nataja kwa sauti jambo moja la siku hiyo, la kweli hata kama ni dogo: mama amepata dawa zake, mzee ninayemhudumia kazini amekula chakula chote, jirani amenibebea mizigo hadi ghorofani. Nikimaliza kushukuru ndipo namweleza Mungu habari za mkataba, wazi wazi, pamoja na hofu yangu yote. Kuna jioni hofu huondoka, na kuna jioni nalala nayo, lakini chakula nimekibariki.

Karibuni nitaitwa kuzungumza juu ya mkataba huo, kwa hiyo naomba mniombee. Nanyi niandikieni hapa chini mahitaji yenu, na pamoja nayo jambo moja mnalomshukuru Mungu wiki hii, ili Jumapili niyapeleke yote mawili kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Mungu awabariki sana, na msalimieni mama.