Wanne Wasio na Mpira

Assalam aleikum. Hamjambo nyote, makocha, manahodha, na nyinyi vijana mliokaa pale nyuma karibu na mlango.

Nimeombwa nizungumzie namna timu ya basketi inavyojenga mashambulizi kwa kufuata nguvu za wachezaji ilionao. Nitalizungumzia hilo, lakini kwanza nipigieni hesabu ndogo. Mechi ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, ni dakika 40. Tuseme nusu ya muda huo mpira uko kwa wapinzani, zinabaki dakika 20. Mkizigawa sawa kwa watano, kila mchezaji ana mpira mikononi dakika 4. Basi tuseme yule gadi wenu nyota hapendi kuuachia, mpeni dakika 8. Bado dakika 12 nzima timu yake inashambulia na yeye yuko mikono mitupu, na wenzake ndio zaidi. Sasa niambieni: mazoezini mnatumia saa ngapi kumfundisha mtu afanye nini akiwa hana mpira?

Kimya. Haya.

Kuanzia Makande wanakochezea KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, mpaka viwanja vya saruji vya mashuleni, ugonjwa ninaouona mara nyingi ni mmoja. Kocha ameitazama Golden State, timu ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwenye simu usiku, asubuhi anawaambia vijana wapige tatu, ile mitupo ya mbali ya pointi tatu. Kwa nini? Kwa sababu Curry, nyota wao, anapiga. Amechukua mchoro wa mashambulizi wa timu ya watu wengine akawavisha watoto wake, bila kuuliza kama unawatosha. Ule mchoro haukutangulia wachezaji. Wachezaji ndio waliotangulia, mchoro ukafuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua nani ana nini. Na hapa tuelewane: nguvu ya mchezaji si kile anachokipenda. Kila kijana anapenda tatu. Chukueni daftari, mchore nusu ya uwanja, muigawe: chini ya kikapu, kona mbili, mbavu mbili (pembeni), kichwani (mkabala na kikapu), na ile sehemu ya katikati iliyo ndani ya mstari wa tatu lakini mbali na kikapu. Kila mtupo uwekewe alama ulikopigiwa, umeingia au umekataa. Lakini uwe mtupo wa mtu anayekabwa, mwisho wa mazoezi, miguu imechoka. Mitupo ya kupasha misuli, kila mtu bingwa, haina habari yoyote.

Mkishapata hesabu ya wiki kadhaa, zidisheni. Anayepiga mitupo 100 ya tatu na kuingiza 33 amewaletea pointi 99. Anayepiga 100 ya mbili na kuingiza 50 amewaletea 100. Wako sawa. Lakini kijana wenu anayeingiza tatu 25 kati ya 100 amewaletea 75, na yule anayependa kusimama katikati akaruka na kurusha, akiingiza 40 kati ya 100, ni pointi 80. Wakati huohuo mna msichana asiyejua kurusha kabisa, ila akiingia ndani anachezewa faulo kila mara. Akiingiza mitupo huru 7 kwa 10, kila anapopelekwa kwenye mstari kurusha miwili ni kama pointi 1.4. Zidisheni kwa 100 mwone: 140. Huyo ndiye mshambuliaji wenu bora na mmekuwa mkimwambia aende akasimame kona asiwazuie wenzake!

Simlaumu mtu. Macho hukumbuka mtupo mzuri. Daftari hukumbuka yote.

Baada ya hapo ndipo inakuja sehemu ngumu, nami naomba nikae hapo kidogo. Umemjua mwenye nguvu. Wale wanne wengine wasimame wapi?

Chukueni mfano wa mwenzetu Mwafrika, Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos. Houston Rockets walimchagua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 1984. Akipokea mpira amekipa kikapu mgongo, hakuna beki mmoja aliyeweza kumkaba peke yake. Lakini beki wa pili akija, na wa tatu, hata Hakeem hana pa kupita. Kwa hiyo Houston wakamzungushia warushaji. Beki akimwacha mtu wake kwenda kumsaidia mwenzake, mpira unatoka nje na tatu inapigwa. Wakachukua ubingwa 1994. Mwaka uliofuata walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la ujasiri zaidi. Mwezi wa Februari 1995 wakamtoa Otis Thorpe, fowadi mkubwa wa kugombania ribaundi, yaani mipira iliyokataa kuingia, wakamchukua gadi Clyde Drexler. Thorpe hakuwa mchezaji mbaya hata kidogo, ila mahali pake pa kazi palikuwa karibu na pale pale pa Hakeem. Kufika fainali, nafasi namba nne, ile ya fowadi mkubwa, anacheza Robert Horry, mrefu anayerusha kutoka mbali. Walikuwa wameingia mtoano wakiwa wa sita upande wa magharibi, wakaifunga Orlando 4 bila kwenye fainali.

Mnaona walichokifanya? Hawakumwongezea Hakeem ujuzi. Walimwongezea nafasi.

Milwaukee, timu nyingine ya NBA, walilirudia somo hilo na nyota wao Giannis Antetokounmpo. Giannis nguvu yake ni kuingia ndani kwa hatua ndefu, lakini kurusha kwake kutoka mbali hakumtishi beki. Sasa ukimwekea na senta aliyesimama chini ya kikapu, pale ndani panajaa watu kama kivuko cha Likoni saa kumi na moja jioni. Mwaka 2018 akaja kocha Mike Budenholzer, na Brook Lopez akasajiliwa. Huyu Lopez miaka yake minane ya mwanzo NBA aliingiza tatu 3 tu. Tatu! Alikuwa senta wa kizamani, wa kazi za ndani. Mwaka wa tisa akiwa Brooklyn akajifunza upya akaingiza 134. Milwaukee wakamweka nje kabisa ya mstari, beki wake mrefu akalazimika kumfuata, na mlango ukabaki wazi kwa Giannis. Kutoka ushindi wa mechi 44 msimu uliotangulia wakafika 60. Ubingwa ukaja 2021, na mechi ya mwisho Giannis alifunga pointi 50.

Nyinyi hamna Lopez, najua. Lakini mna mtu anayeingiza tatu za kona na kwingine hawezi. Mwekeni kona. Mstari wa FIBA uko mita 6.75, lakini pale kona ni mita 6.60, kwa hivyo ni mtupo mfupi kidogo, tena mwili na macho vinazoea sehemu moja. Asizungukezunguke kutafuta mpira. Akisimama pale tu, beki wake hawezi kwenda kusaidia ndani, na hiyo ni kazi tosha hata kama mechi nzima amegusa mpira mara tano.

Sasa turudi kwa Golden State, maana najua hamtaniacha bila kuwataja. Kabla kocha Steve Kerr hajaingia mwaka 2014, timu hiyo tayari ilikuwa na Curry na ilikuwa imeshinda mechi 51. Lakini ilikuwa ya mwisho katika ligi nzima kwa idadi ya pasi. Fikirini: mrushaji hatari kuliko wote, na wenzake wanne wanamtazama. Kerr akataka mpira utembee na watu watembee. Msimu uliofuata mechi 67, na ubingwa.

Na kuna jambo ambalo watazamaji wengi hawalioni. David Lee, fowadi wa kuanza, aliumia kabla ya msimu. Nafasi ikaenda kwa Draymond Green, aliyechaguliwa wa 35 mwaka 2012. Si mrefu, na kurusha kwake ni kwa wasiwasi. Ila anaona uwanja na anaamua upesi. Curry anapewa skrini na Green, yaani Green anasimama kumzibia njia beki wa Curry, na mabeki wawili wanamrukia Curry mbali kule kwa woga wa tatu. Curry anampa Green mpira pale karibu na mstari wa mitupo huru. Hesabuni: mabeki wawili wako kwa Curry, wamebaki watatu, na washambuliaji waliobaki ni wanne. Green anamtazama beki wa chini. Akija kwake, mpira unakwenda juu kwa senta. Akibaki, Green anafunga mwenyewe. Beki wa kona akiingia kusaidia, mpira uko kona. Woga wa mabeki kwa mtu mmoja umegeuzwa kikapu cha mtu mwingine. Kwa timu ya kawaida Green angekuwa mchezaji wa akiba asiyejua kurusha. Pale akawa mshipa wa timu.

Kwa hiyo ukiona piki na roli zenu, huo mchezo wa skrini na pasi, hazizai kitu, usimtazame mwenye mpira. Mtazame aliyeweka skrini: je, akipata mpira katikati anajua la kufanya, au anaushika kama kaokota simu ya mtu?

(Kicheko.)

Na hapa kwetu kuna mambo mawili ambayo vitabu vya makocha havina. La kwanza ni upepo. Viwanja vyetu vingi havina paa. Kusi likivuma, tatu inayoingia mwezi wa Februari huenda ikakataa mwezi wa Julai, na wala si kosa la mrushaji. Daftari la uwanja wa wazi liandikeni peke yake. Siku ya upepo, nguvu yenu iwe kuingia ndani, faulo na ribaundi, tena mkumbuke mkiokota ribaundi ya kushambulia mpira ukiwa umegusa ringi mnapata sekunde 14 nyingine za kushambulia.

La pili ni joto. Phoenix Suns ya Steve Nash na kocha Mike D'Antoni iliruka kutoka ushindi wa mechi 29 hadi 62 msimu wa 2004-05 kwa kukimbia tu, wanarusha kabla mabeki hawajajipanga. Uzuri ulioje! Lakini wale walikimbia ndani ya kumbi zenye viyoyozi. Anayetaka kukimbia hivyo saa tisa alasiri hapa Mombasa awe na wachezaji kumi wa kweli. Kama ana saba, atembeze mpira na achague dakika za kukimbia.

Haya, mkono ule pale. Swali la dada ni hili: timu yake ya shule haina mrefu hata mmoja, afanyeje?

Mwalimu, tena wewe kazi yako ni nyepesi kidogo, kwa sababu hakuna anayekushawishi umweke mtu chini ya kikapu. Waweke wote watano nje ya mstari. Pale ndani pabaki patupu. Beki akimbana mno mtu wake asipokee pasi, yule anamkata nyuma ya mgongo kwenda kikapuni na pasi inamfuata. Chuo cha Princeton chini ya kocha Pete Carril kilijulikana kwa mchezo huo. Mwaka 1996 kiliwatoa UCLA, waliokuwa mabingwa watetezi wa vyuo vya Marekani, 43 kwa 41, na kikapu cha ushindi kilitokana na mkato huohuo wa nyuma. Lakini unahitaji wasichana wanaopiga pasi ya kudunda vizuri kwa mikono yote miwili. Usipokuwa nao, huo nao utakuwa mchoro wa kuazima.

Na wewe kijana wa mlangoni? Anasema: nyota wetu hapigi pasi, na mechi ikiwa ngumu ni yeye tu anayetuokoa.

Kweli, kuna wakati wa nyota. Februari 2021 kule Yaoundé, timu yetu ya taifa, Kenya Morans, waliwafunga Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa Tylor Ongwae king'ora kikilia, na mwaka huohuo Kenya ikarudi AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, baada ya miaka 28. Sekunde za mwisho mpira uende kwa anayeziweza, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na zile dakika 39 za kabla yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mtoto anayeambiwa kila siku kuwa yeye ndiye timu ataacha kuwaona wenzake.

Lakini usimgombeze wala usimkataze kurusha, atanuna na utampoteza. Mwambie aanze kuweka skrini. Curry mwenyewe anawawekea wenzake skrini, tena nyingi, na kila anapoiweka mabeki wawili wanachanganyikiwa: wamwache yeye au wamwache anayekata? Nyota wako akimwekea skrini yule mfupi asiyeogopwa na mtu, mmoja wao atabaki peke yake. Mara nyingine atakuwa ni nyota huyohuyo, na mtupo wake utakuwa wa raha kuliko wowote aliowahi kuulazimisha. Na kikapu kinachopatikana kwa skrini yake kiandike kwenye daftari kwa jina lake, pointi zilezile kama amefunga yeye, kisha isome orodha mbele ya wote kila Ijumaa.