Mjukuu si mkalimani wa babu yake

Ndugu zangu, habari za kuanguka kwa Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, mikononi mwa Vietnam Kaskazini Aprili 1975 mnazijua, sizirudii. Nawazungumzia wazee wa Kivietinamu waliohamia Marekani, wale wa Westminster na San Jose kule California, na wa Houston, ambao leo wana miaka 75, 80 na kuendelea. Kila nikipewa jukwaa nalisema hili, na sitachoka: mzee hatibiki kwa kusemewa na mjukuu wake.

Chukueni aliyekuwa ofisa wa jeshi la Vietnam Kusini. Vita vilipokwisha alifungwa katika zile zilizoitwa kambi za mafunzo upya: njaa, kazi za sulubu, vipigo. Mwaka 1989 serikali za Marekani na Vietnam zikakubaliana kwamba waliofungwa miaka 3 au zaidi wahamie Marekani na familia zao. Leo yuko kliniki. Ana presha, ana kisukari, kichwa kinamuuma, usingizi hapati, anasahau. Daktari anauliza, "Umewahi kuumia kichwani?" Kijana wa miaka 15 anatafsiri. Babu anamtazama mtoto, anainamisha macho, anasema hapana. Mlitaka aseme nini? Amweleze mjukuu kwamba alipigwa kitako cha bunduki mpaka akazirai, jambo ambalo hata mkewe hajamsimulia? Daktari anaandika: usahaulifu wa uzee.

Daktari wa magonjwa ya akili Richard Mollica na wenzake wa Boston waliwapima wafungwa wa zamani wa aina hii kwa MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliojeruhiwa kichwani walikutwa na gamba la ubongo lililokonda, sehemu za mbele na za pembeni, na hali hiyo ilikwenda pamoja na sonona. Huo si uzee. Ni jeraha, na jeraha lina mahali pake kwenye faili.

Kuna wanaoniuliza: miaka 30 Marekani, Kiingereza kimemshinda nini? Swali hili linanikera. Alifika ana miaka 50. Mchana alikuwa kiwandani akiunganisha vifaa vya elektroniki, usiku anamsaidia mkewe kushona nguo za oda sebuleni. Darasani angekwenda saa ngapi? Wengine wanasema damu yako huaminika kuliko mgeni. Kwenye upendo, sawa. Kwenye aibu, hapana. Mama wa miaka 70 asiyeweza kuzuia mkojo hamwambii mwanawe wa kiume. Bora amwambie mkalimani ambaye hatamwona tena.

Na kanuni ipo. Tangu 2016, hospitali ya Marekani inayopokea fedha za serikali kuu haitakiwi kumtumia mtoto kama mkalimani ila kwa dharura, na mkalimani halipiwi na mgonjwa. Lakini foleni ni ndefu, simu ya mkalimani inachelewa, na kijana yupo pale, anajua Kiingereza. Mambo yanaisha hivyo.

Homa ya ini aina B nilitaka niieleze kwa kirefu, muda hautoshi. Wengi walio nayo waliipata kwa mama zao wakati wa kuzaliwa. Hukaa kimya miongo mingi, halafu inaweza kuleta saratani ya ini. Wapimwe, dawa za kuidhibiti zipo. Kisukari nacho huwapata Waasia wakiwa bado wembamba, kwa hiyo bibi mwembamba asiachwe bila kupimwa.

La mwisho ni posho. Kwa kawaida mkimbizi mzee au mlemavu asiye raia hulipwa posho ya serikali kuu kwa miaka 7 tu; baada ya hapo, bila uraia, inakatwa. Aliyeumia ubongo anaweza kusamehewa mtihani wa uraia kwa fomu N-648, inayojazwa na daktari. Fomu hiyo haikubali sababu ya uzee peke yake; inataka ugonjwa utajwe. Sasa daktari aliyeandika "usahaulifu wa uzee" atataja ugonjwa gani?

Ndugu zetu wa Kongo waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wamo katika sheria hiyo hiyo. Wenye wazazi huko, waambieni leo: mkipiga simu kuweka miadi, ombeni hapo hapo mkalimani wa Kiswahili, na mtoto aende shule.